Mwaka wa Kutafuna Hewa

Mwezi uliopita, sokoni Darajani, mwanamke mmoja nisiyemjua alinishika mkono mbele ya meza ya samaki. Alikuwa amevaa buibui, mtandio umebana shingo mpaka kidevuni, na jua lile. Alinitazama hapa shingoni penye kovu langu, kisha akaniuliza haraka haraka, kama mtu anayeuliza jambo la aibu:

"Samahani bibi. Ulikatwa? Na sauti je, ilirudi?"

Nilimjibu. Lakini soko lilikuwa na kelele, muuzaji alikuwa akinadi changu wake, na sauti yangu ya sasa haifiki mbali. Yule mwanamke aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama wanavyofanya watu ambao hawakusikia kitu, akaniachia mkono akaenda zake. Nilijua kilichokuwa chini ya mtandio ule, kwa sababu na mimi niliufunga hivyo hivyo miezi minne. Haya ninayoyaandika ni jibu lake. Yasipomfikia yeye yatamfikia mwengine aliye kama yeye, Inshaallah.

Mimi ni mwalimu wa chuo. Nimesomesha watoto Kurani hapa Kiponda zaidi ya miaka thelathini, na tangu ujana wangu naongoza kikundi cha wanawake wa mtaani wanaosoma maulidi na kasida. Tuko ishirini na kitu. Kila Alkhamisi baada ya Alasiri tunakutana sebuleni kwangu, ghorofa ya pili, kufanya mazoezi. Tunaalikwa kwenye arusi na akika, na zaidi katika Mfunguo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ambapo hatupumziki.

Hatupigi tari wala kinanda. Kwetu sisi kila kitu kinamtegemea mwenye kuanza. Pale atakapoiweka sauti yake ndipo kasida nzima itakapokaa. Akianza juu, wote wanamfuata juu. Mimi nilianza juu. Bibi yangu aliyenirithisha nafasi ile naye alianza juu, na watu waliokuwa wakipita uchochoroni walisema nyumba ile inasomewa maulidi na ndege. Niliyapenda maneno yale. Mungu anisamehe, niliyapenda mno.

Tena nilikuwa mkali. Wakati wa mazoezi nilipita nyuma ya safu nikimsikiliza mmoja mmoja. Aliyenikera kuliko wote ni Bi Mwatima, jirani yangu na shoga yangu tangu tukiwa watoto, mpika vitumbua. Alikaa safu ya nyuma, anafungua mdomo kwa kila neno, uso umemjaa furaha, na sauti haitoki. Siku moja nikamwambia mbele ya watu:

"Mwatima, wewe unatafuna hewa."

Watu walicheka mpaka wengine wakajilaza kwenye mkeka. Yeye pia alicheka. "Hewa ya kwako tamu, mwalimu," akasema. "Ndiyo maana nnanenepa."

Tangu siku ile ikawa ndiyo kauli ya kikundi. Asiyesikika, anatafuna hewa.

Maradhi yangu yalijitokeza katika Mfunguo Sita wa mwaka kabla ya huu. Tulialikwa nyumba moja ya Malindi. Tulifika pale kwenye kisimamo, ambapo watu wote huinuka, udi unafukizwa, marashi yanapita, na mwenye kuanza hutoa sauti peke yake kabla ya wengine kumwitikia. Nilifungua mdomo. Neno la kwanza lilitoka zima, la pili likapasuka kama chungu. Rukia, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye husimama kuliani kwangu, aliidaka ile sauti kabla haijafika chini, akaendelea nayo. Nafikiri wageni hawakutambua. Mimi nilibaki nimeushika mgongo wa kiti, naogopa, wala sikujua naogopa nini.

Wenzangu walikuwa na jibu. Kijicho.

"Sauti kama ile itakosa wa kuihusudu?" walisema.

"Kijicho gani?" akasema Bi Mwatima. "Kazeeka tu. Na mimi magoti yangu nani kayahusudu?"

Niliandikiwa kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, likaoshwa kwa maji, nikalinywa. Sisemi vibaya juu ya kombe. Kurani ni shifaa, na mimi naamini hivyo mpaka leo. Lakini aliyeniandikia hakujua nilichokuwa nikikijua mimi. Wiki ile ile, nikioga, nilikuwa nimekigusa kitu upande wa kulia wa koo, kigumu, kidogo kama kunazi. Nikimeza mate kinapanda na kushuka pamoja na koo.

Sikumwambia mtu. Nilianza kukaza mtandio. Mazoezini nilisema nina mafua, nikamwachia Rukia aanze, "ajizoeze". Nikanywa tangawizi, asali na mdalasini mpaka tumbo likaniwaka. Kila asubuhi kabla ya kushika udhu nilikigusa kile kitu nikiomba nikikose, na kila asubuhi nilikikuta. Ilipofika Rajab hakikuwa kunazi tena, kilikuwa kama kungumanga ndani ya ganda lake. Chakula kikavu kilikuwa kinasita kikipita.

Mtu ataniuliza, wewe msomi wa dini, mwalimu wa watu, uliogopa nini? Niliogopa kisu. Niliogopa neno moja ambalo kwetu watu hulitamka kwa kunong'ona. Lakini zaidi ya yote, na hili naona haya kuliandika, niliiogopea sauti kuliko uhai. Nilikuwa nimesikia habari za mwanamke wa Bwejuu aliyekatwa rovu, uvimbe wa shingoni, na tangu siku hiyo akisema ni kama upepo unaopita chini ya mlango. Nilijiambia: bora nife na sauti yangu. Halafu nilistaghfiru, na kesho yake nikajiambia vile vile.

Aliyenifuma ni binti yangu, Zuwena. Anafundisha skuli na anaishi na sisi, yeye na wanawe. Aliingia nikiwa natia udhu, mtandio nimeutundika msumarini, shingo iko wazi.

"Mama, hiki nini?"

"Kitu gani?"

"Mama! Nnakuuliza hiki nini?"

"Kitezi tu. Kinakuja kinakwenda."

Aliweka kidole pale. Mkono wake ulikuwa baridi. "Tangu lini?"

Nilipomwambia, alikaa kwenye ukingo wa birika la maji. "Miezi minne unatwambia mafua," akasema. "Wanao wote, mume wako, wanafunzi wako. Mafua!" Kisha akamwita baba yake kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu alipokuwa msichana.

Mume wangu, Mzee Haji, ni mtu wa maneno machache. Alisimama mlangoni akaitazama shingo yangu, hakushtuka.

"Nilikiona," akasema. "Miezi miwili sasa. Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe."

Zuwena alitutazama mmoja baada ya mwengine. Siku mbili hakutusemesha ila kutoa salamu. Siku ya tatu alinipeleka hospitali.

Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi manne, feni moja, na wanawake waliofunga mitandio kama mimi. Huko nilijifunza kuwa kungoja kuna uzito wake. Unafika baada ya Alfajiri, unapewa namba, unakaa. Mlango ukifunguliwa kila mtu anainua kichwa. Anayetoka wote tunamtazama usoni, tukimsoma kama aya: huyu kaambiwa heri, huyu kaambiwa vingine. Nilikuwa na tasbihi yangu, lakini nilikuwa nikipoteza hesabu kila nikifika thelathini. Kulikuwa na bibi mmoja kutoka Nungwi aliyekuja na mfuko wa mabungo; aliyagawa benchi zima bila kutuuliza majina. Niliinyonya ile mbegu mpaka ikabaki nyeupe. Sijui kama alipona. Namwombea kila Ijumaa.

Daktari alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. "Shikamoo bibi," akaniamkia, nami nikamwitikia "Marahaba mwanangu" kwa sauti yangu mbovu. Alichoma sindano, akachukua picha, akaniita tena baada ya wiki mbili. Hakunizungusha. Uvimbe ni lazima utoke, na mshipa wa sauti umepita karibu nao sana.

"Ntajitahidi," akasema, "lakini siwezi kukuahidi."

Zuwena akasema, "Mama anasoma maulidi, daktari. Anaongoza kikundi."

Yule kijana aliweka kalamu chini. Akasema, "Basi nitakwenda polepole." Maneno hayo matatu niliyabeba mpaka siku ya kukatwa kama mtu anayebeba yai.

Ilikuwa Shaaban, kaskazi kali, nyumba zetu za mawe zimeshika joto hata asubuhi. Alkhamisi ya mwisho kikundi kilikuja. Ilinipasa niikabidhi nafasi yangu kwa Rukia, kama bibi yangu alivyonikabidhi mimi: unamshika mwenzako mkono wa kulia, unamweka mbele ya safu, wewe unarudi nyuma. Nilimshika mkono. Nikashindwa. Badala ya kusema "nimekupa", nilisema, "Nishikie tu."

Rukia alilia. Bi Mwatima akapaza sauti kutoka nyuma: "Ishike vizuri basi, usije ukaivunja! Mwenyewe anarudi."

Walipoondoka, yeye alibaki kwenye ngazi. Akaninong'oneza, "Unaogopa?"

"Hapana."

"Mimi nnaogopa," akasema. "Basi wewe nenda, niachie mimi kuogopa."

Natamani ningeweza kumwachia. Asubuhi ya kukatwa, nimelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, lilinijia jambo ambalo halikunijia miezi yote ile. Nikitoka humu bila sauti, na siku yangu ya kufa ikanifika, nitatamka vipi shahada? Nimewafundisha watoto wa watu, kizazi baada ya kizazi, kwamba Mwenyezi Mungu anasikia kilichomo kifuani. Jibu nilikuwa nalo. Lakini hofu haikusoma chuoni kwangu. Nilishika chuma cha kitanda nikaanza kusoma kwa sauti ya juu, kila sura fupi ninayoijua, nipate kujisikia japo mara moja tu zaidi. Muuguzi alikuja mbio akaniuliza kama nina maumivu. Nikamwambia hapana, mwanangu, naaga.

Nilipozinduka, nilimwona Zuwena kabla ya kuona kitu kingine. Midomo na ncha za vidole vilikuwa vinanichoma kama vimeumwa na siafu, mpira umetoka shingoni kuingia kwenye chupa. Daktari akaja. Akasema, "Bibi, sema neno lolote."

Nilitaka kusema Alhamdulillah. Ilitoka hewa.

Nikajaribu tena. Hewa. Nilimwona Zuwena anageuza uso kwa ukuta. Daktari alisema mshipa haukukatika, umechoka tu; huenda ukaamka baada ya miezi mitatu, huenda sita, huenda usiamke. Alitazama chini alipokuwa akisema hilo la mwisho.

Nilirudi nyumbani bubu. Katika nyumba zetu, anayekuja hupiga hodi chini, aliye juu humwitikia, ndipo mgeni hupanda. Wiki ya kwanza watu walipiga hodi, wakangoja, wakaondoka, mimi nimekaa juu nawasikia wanavyoteremka kibarazani. Na mume wangu anaponiita, "Mama Zuwena!", tangu niolewe nimemwitikia "Labeka" kabla hajamaliza jina. Sasa alikuwa akiita, kisha anakumbuka, kisha unasikia ukimya wake. Ukimya ule uliniuma kuliko kidonda.

Siku moja alirudi na vikombe viwili vya kahawa, vile vya kaure visivyo na mkono, akaniwekea kitini. "Vigonge," akasema. Basi mtu akipiga hodi nikawa navigonganisha kama muuza kahawa. Baada ya siku tatu mtu fulani alisimama uchochoroni akaagiza kahawa ya watu wanne. Mzee Haji aliteremka kumweleza, akarudi juu anacheka mpaka machozi yanamtoka. Na mimi nilicheka, kicheko kisicho na mlio, mabega yanatikisika tu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Rajab.

Majibu ya kile kinyama kilichopelekwa kupimwa yalitoka katikati ya Ramadhani. Lilikuwa ni lile neno. Zuwena alilisema lote, hakulinong'ona: "Saratani, mama. Lakini hii inatibika. Kasema inatibika." Aliposema neno la kwanza masikio yangu yalifunga, sikulisikia la pili mpaka aliporudia. Nilitaka kupiga ukelele. Mtu asiye na sauti hata kulia kunamtoka vibaya, kama anayepaliwa. Mwezi ule sikufunga, kwa amri ya daktari, na niliposikia watu wa msikiti wanaitikia Amina kwa pamoja, nilikuwa nikikunja mkeka wangu na kuhamia chumba cha nyuma.

Tiba iliyobaki ilikuwa Dar es Salaam, dawa ya kumeza yenye mionzi. Kabla yake, wiki mbili za mwiko: nisile kitu chochote kilichotoka baharini, wala chumvi ya dukani. Mzaliwa wa Unguja, asile samaki wala chumvi! Nilikula ndizi na muhogo kwa tui tupu. Bi Mwatima ndiye aliyenipikia. Siku ya kwanza alionja akatema.

"Chakula hiki simpi hata adui yangu," akasema. Kisha akapakua sahani mbili, akakaa mbele yangu akala. Alikula hivyo na mimi siku zote kumi na nne, mchana na jioni, akilalamika kila tonge.

Tulivuka na boti katika masika, mvua inapiga vioo, mimi na Zuwena. Hospitali ile ilikuwa na chumba chenye mlango mzito. Zuwena aliruhusiwa kufika kwenye mstari uliochorwa sakafuni, basi. Mtu wa dawa aliingia amevaa vazi zito na glavu, akaweka kikopo cha chuma mezani, akanionyesha kwa ishara namna ya kumeza, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Nilimeza. Akafunga. Nimeishi miaka sitini na sita sikuwahi kuona mtu akinikimbia.

Nilikaa humo siku tatu. Chakula kilisukumwa mlangoni. Shingo ilivimba, mate yakawa na ladha ya sarafu, nikatapika mara mbili na hapakuwa na mtu wa kunishika paji la uso. Nilisali. Na katika sala ile, siku ya pili, magharibi, nilijiona kwenye kioo kilichokuwa juu ya beseni: bibi kizee amesimama peke yake, anafungua mdomo kwa kila neno, midomo inakwenda, na sauti haitoki.

Nikamkumbuka Mwatima. Miaka yote ile nilimwona mvivu. Nilikuwa nimekosa nini nilipokuwa nimesimama mbele ya Mola wangu, moyo wote umo ndani ya maneno, na hewa peke yake inatoka? Nilikaa sakafuni nikaogopa upya. Safari hii hofu haikuwa ya maradhi. Niliogopa kuulizwa juu yake.

Niliporudi nilikatazwa kukaribia watoto siku kumi na tano. Zuwena aliwahamishia wanawe kwa wakwe zake, na kati yetu mambo yalikuwa magumu kwa muda, kwa sababu alichoka na mimi nilikuwa mkaidi. Nilikataa kwenda mazoezini kwenye sebule yangu mwenyewe. Nilijifungia chumbani nikiwasikiliza kupitia ukutani. Alkhamisi moja aliingia, akaniwekea mtandio wangu mapajani.

"Ulinifundisha mwenyewe kuwa mgonjwa hutembelewa," akasema. "Mbona wewe unawafungia mlango wanaokuja kukutembelea?"

Nilitoka. Sikuweza kusimama mbele, nikaenda nyuma kabisa, penye nafasi kando ya Bi Mwatima. Akanisogezea mto.

"Karibu," akaninong'oneza. "Hewa ya huku nzuri. Kuna dirisha."

Rukia akaanza, juu, kama nilivyomfundisha, kama bibi yangu. Na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikisikia kikundi changu kutokea nyuma. Mbele walisikika sita au saba. Wengine wote waliokuwa karibu yangu, wanawake wazima, mabibi wenzangu, walikuwa wanafungua midomo. Tu.

Kipupwe kilipokuwa kinaisha, katika Mfunguo Tano, Mzee Haji aliniita kutoka chini kwa mazoea. "Mama Zuwena!" Na mimi, kwa mazoea, nikajibu. "Labeka." Lilitoka nene, la kukwaruza, kama la mtu mzima mwanamume.

"Nani huyo?" akauliza kwa ukali.

"Mimi," nikasema.

Nilimsikia anapanda, ngazi tatu, nne, kisha akasimama. Nilipochungulia nilimkuta amekaa kwenye ngazi. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Haya," akasema. "Nilikuwa nataka maji tu."

Sauti ile iliongezeka kidogo kidogo kwa wiki chache, kisha ikakoma kuongezeka. Juu hakuna kitu. Nikijaribu kupanda, ni hewa. Daktari alisema ndiyo hiyo, nishukuru. Nilishukuru, nami nilikuwa nikilia.

Mfunguo Sita ukaingia, tukaalikwa nyumba ile ile ya Malindi. Nilikwenda kama mwitikiaji, safu ya nyuma. Tukafika kwenye kisimamo. Watu wote wakainuka, udi ukapita, marashi yakapita. Ikawa kimya, tukimngoja Rukia.

Rukia hakuanza. Aligeuka, akanitazama juu ya vichwa vya watu.

"Mwalimu," akasema, "ulisema nishike tu."

Nilitikisa kichwa. Nilimwomba kwa macho. Yeye akashusha mikono akanyamaza. Na ninyi mnaojua mambo haya mnajua: watu wakishasimama hawakai mpaka pasomwe. Wageni walianza kutazamana. Niliogopa vile vile kama mwaka uliopita, pahala pale pale, na sikuwa na mgongo wa kiti wa kushika. Nikafumba macho nikaanza, chini, pale peke yake nilipobakiwa na sauti.

Hakuna aliyepajua pale. Hakuna aliyewahi kuanza pale. Neno la kwanza, kimya. Neno la pili, kimya, na nikafikiri, basi, hawatanifuata, nimekwisha.

Ndipo ubavuni mwangu ikatoka sauti. Ilikuwa pana, nzito, imeiva, inakwenda bila kusukumwa. Nilifumbua macho nione ni nani. Alikuwa Mwatima. Nilimjua miaka hamsini na kitu, nimemsikia akicheka, akigombana, akinadi vitumbua, na sijawahi kumsikia akiimba. Kisha wakaingia mabibi wa safu yetu, mmoja mmoja, kama watu wanaoingia nyumba waliyokuwa wakiipita nje. Rukia na wasichana wa mbele ndio waliokuja mwisho. Ilibidi waitafute huko chini tulikokuwa.

Baadaye, tunakula haluwa, nikamuuliza. "Mwatima, siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Nyuma yako."

"Mbona hukusema?"

Alilamba vidole. "Wewe ulikuwa unaanzia darini, mwenzangu, na sisi wengine hatukupewa ngazi. Ningekwambia, ungesema natafuna hewa." Kisha akanisukumia sahani. "Kula. Hii haina mwiko."

Nilimwomba radhi kesho yake, kwa maneno kamili, nyumbani kwake, na akanipa.

Siku hizi Rukia anaanza zile za juu na mimi naanza zile za chini, na hatuulizani tena nani anamshikia nani. Hofu haijaondoka, nisikudanganye. Kila alfajiri nameza kidonge kabla ya kitu chochote, na nitakimeza mpaka siku yangu. Kila baada ya miezi sita natolewa damu. Zamu inayokuja ni Rajab, na nimeshaanza kuamka nikijigusa shingo. Ninapokaa kwenye yale mabenchi, bado napoteza hesabu nikifika thelathini. Tofauti ni kuwa sasa namwambia Zuwena, "Nnaogopa," naye ananishika mkono tunaanza kuhesabu tena.

Kwa hiyo, wewe uliyenishika mkono Darajani: ndiyo, nilikatwa. Sauti ilirudi, lakini siyo iliyokwenda. Usifanye nilivyofanya mimi. Mfungulie mtandio mtu mmoja, leo, kabla hakijafika kuwa kungumanga. Na usipojua pa kuanzia, njoo. Sisi tupo Kiponda, Alkhamisi baada ya Alasiri. Mlango wa chini huwa tumeuegesha tu. Ukipiga hodi nitakuitikia, ila hutanisikia. Usirudi. Panda.